Likizo ya Msiba

Mizimu yetu hapa kijijini Solgogae inajua kalenda kuliko serikali. Kila mmoja ana siku yake ya kuja kula. Anakuja, anakula, anaondoka, hatusumbuani. Kimchi, kabichi yetu ya pilipili, tunaitia chumvi baridi inapoanza kuuma. Uji wa maharage mekundu ni siku ile yenye usiku mrefu kuliko zote. Supu ya mwaka mpya ni ya mwaka mpya. Nani asiyejua haya? Nilidhani hakuna, mpaka wilaya ilipotuletea Bwana Noh.

Bwana Noh ni kijana wa ofisi ya utalii, nywele za mawimbi, na sikioni ana kidude anachozungumza nacho njia nzima kama mwehu. Alituita kwenye ukumbi wa wazee, akawasha mashine yake, ukutani pakatokea maandishi makubwa: SIKUKUU ZOTE ZA KOREA KWA SIKU MOJA. Eti siku ya mwisho wa mwaka wataletwa wageni wa nje kwa mabasi, na sisi tuwape kila kitu kabla jua halijazama.

"Asubuhi wanatia kimchi," akasema. "Wakishanawa pilipili, wanakunywa uji wa maharage. Halafu tambiko la mababu, halafu wanawainamia wazee na kula supu ya mwaka mpya. Wageni siku hizi wanataka kitu halisi, mama zangu."

"Tambiko la babu wa nani?" nikamuuliza. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama hapa. Haiinjikwi sufuria katika kijiji hiki bila mimi kujua.

"Yeyote tu, Mama Hyeok. Ni maonyesho."

Mzee Chu, mwenyekiti wa kijiji, akavua kofia. "Babu yangu huja mwezi wa tatu," akasema. "Nikimwita Desemba atakuja, maana ni mtu wa heshima. Mwezi wa tatu je? Atakuja tena au atasema keshakula? Kijana, unataka kunigombanisha na marehemu?"

"Basi tusitaje jina," akasema Noh.

"Ala! Usipotaja jina watakuja wote," nikamwambia. "Kila mzimu wenye njaa katika bonde hili utaketi mezani. Kuwaondoa utawaondoa wewe?"

Noh akafikiri kidogo, akapata jibu. "Tutakuwa na babu wa jumla."

"Babu wa jumla!" Mzee Chu akapiga paja. "Kama gunia la sukari!"

Tulicheka mpaka Babu Pyo, aliyekuwa amelala pale sakafu inapopata moto zaidi, akaamka kuuliza kuna nini. Tukamweleza, akasema ujinga huo asiamshiwe tena, akageukia upande wa pili.

Sasa mjue habari za Babu Pyo, maana yeye ndiye aliyekufa.

Babu Pyo Deok-su ana mtoto mmoja tu, Gyu-cheol, fundi wa lifti kule Suwon. Mke wa Babu alipofariki, huyo mtoto alikuwa anakuja kila sikukuu kumwandalia mama yake meza ya tambiko. Ukafika mwaka mmoja, sikukuu ya mavuno, akapiga simu: Baba, safari hii hatuji, ofisi nzima inakwenda Vietnam, tiketi zimeshalipwa. Kisha akatuma picha. Yumo ndani ya bwawa la kuogelea, kaptura ya maua, mkononi nazi yenye mrija. Babu Pyo aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akampigia. "Kaa huko huko na nazi yako," akamwambia. "Hapa usirudi." Mwenzake naye, damu ile ile ya Pyo, kichwa kile kile cha jiwe, akasema sawa. Na hakurudi. Mjukuu aliondoka akibebwa mgongoni, leo yuko shule, na babu yake hajui hata anatumia mkono gani kuandika.

Mtu akikwambia mzee yule hakujali, mwambie aje kwangu. Kila sikukuu anafagia ua mpaka unang'aa, anavaa koti lake jema, anakaa barazani akitazama barabara. Gari la mwisho likishapita, analivua. "Nilikuwa nalianika," anasema. Nani huanika koti akiwa amelivaa?

Kiangazi kilichopita walikuja watu wa kujitolea kuwapiga wazee picha za msiba bure, ile picha kubwa ya fremu nyeusi inayowekwa mbele siku ya mazishi. Wazee wetu hupenda kuipiga mapema, uso ukiwa bado una nguvu. Wengine walipeleka za kwao nyumbani. Babu Pyo akaiacha yake kwenye kabati la ukumbi.

"Babu, hii si ya kuacha hapa," nilimwambia.

"Picha hii hubebwa na mwana," akanijibu. "Mwana mwenyewe simwoni. Ikikaa hapa mtaipata upesi, hamtahangaika kupekua nyumba yangu." Nilikwenda jikoni nikalia, sifichi.

Basi ikafika siku yenyewe ya Bwana Noh. Baridi ilikuwa ya kugandisha kope, lakini theluji hata punje. Ikabidi wilaya ilete mashine ya kutapika theluji ya bandia, ikatapika kwenye matuta yangu ya vitunguu. Wageni wakashuka: Wamalaysia, Wabrazili, Wajerumani, wote wamevikwa nguo zetu za sikukuu juu ya majaketi, wamevimba kama magodoro. Walitia mikono kwenye pilipili ya kimchi, wengine wakajifuta macho kwa mikono hiyo hiyo. Bibi mmoja wa Kijerumani, Bi Ulrike, alilia machozi mpaka basi la pili likashusha watu, na huku anasema hajawahi kufurahi hivi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa sijakaa chini tangu alfajiri.

Babu Pyo hakuwepo. Alikuwa amepanda gari la asubuhi kwenda hamamu mjini, maana sisi hatuingii mwaka mpya na uchafu wa mwaka wa zamani. Simu yake aliiacha nyumbani ikichajiwa. Mzee Chu naye alikuwa ofisini kwake, amekumbatia kipaza sauti cha kijiji, anatangazia milima mahali pa kuegesha magari. Kwa hiyo ukumbini alibaki Bwana Noh peke yake na meza ya tambiko. Nyama ipo, samaki yupo, matunda yapo, kiwambo cha kukunja kimesimamishwa nyuma kama inavyotakiwa. Kilichokosekana ni marehemu.

"Wageni hawawezi kuinamia kiwambo," alikuja kuniambia baadaye, akijitetea. Akafungua kabati, akakuta mzee mwenye koti jeusi, fremu nyeusi, uso wa heshima. Kwao Seoul mtu hufa kwanza ndipo wanapotafuta picha. Akajua huyu ni wa zamani, akamsimamisha mezani, akamwashia udi.

Mimi naingia na sinia la bakuli za supu, naona nini? Watu kama ishirini wako kifudifudi sakafuni mbele ya Babu Pyo.

"Mara ya pili!" Noh anawaambia, na mkalimani anatafsiri. "Aliye hai huinamiwa mara moja, marehemu mara mbili! Vizuri sana! Hapo hapo, tuko hewani!" Kumbe mwenzake alikuwa ameinua simu, anarusha mambo yote kwenye ukurasa wa wilaya.

"Wewe Noh!" Sinia nusura liniponyoke. "Huyu yuko hamamuni!"

"Nani yuko hamamuni?"

"Marehemu!"

Alinitazama kama mimi ndiye mwenye kichaa. Kabla sijamfafanulia, mlango ukafunguliwa, na marehemu akaingia, uso mwekundu kwa maji ya moto, taulo shingoni. Akavua viatu vyake taratibu. Akaitazama picha yake, akautazama udi, akawatazama Wabrazili. Kwetu jambo kama hili ni mkosi mkubwa. Mzee mwingine angeanguka pale pale, ikawa kweli.

"Nani kapanga matunda haya?" akauliza.

Akaisogelea meza.

"Chekundu mashariki, cheupe magharibi. Tufaha huku, peasi kule. Mnamlisha marehemu au mnamtukana?" Akayahamisha mwenyewe kwa mkono wake, akamimina kikombe cha pombe ya mchele kilichokuwa mbele ya picha yake, si chini, kooni. Kisha akaketi, akamega samaki. "Chakula ni changu, si ndiyo? Sijawahi kuona meza nzuri hivi nikiwa hai."

Wageni wakalipuka kwa makofi. Walidhani ndivyo sherehe inavyomalizika. Bi Ulrike alikuwa analia tena, na safari hii hakukuwa na pilipili. Noh akaninong'oneza, macho yanamwaka, "Mama Hyeok, hii tuifanye kila mwaka." Nilimpiga kofi la mgongo ambalo mama yake angeshukuru.

Picha niliitoa mwenyewe mezani, nikaiegemeza chini pembeni ya kiwambo niirudishe kabatini baadaye. Ndipo nilipoingiza mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta kitambaa, nikagusa simu. Ilikuwa imejaa simu ambazo sikuzisikia kwa kelele za ukumbi. Zote za mtu mmoja, Gyu-cheol. Chini yake ujumbe: Dada, nimeona video. Kwa nini hamkuniambia? Niko njiani.

Nikamwendea Babu Pyo, nikamsomea sikioni.

Aliacha kutafuna. "Yuko njiani?"

"Ndiyo. Anadhani umekufa. Shika simu, mpigie sasa hivi."

Babu Pyo akaichukua simu, akaitazama, akaiweka chini ya paja lake, akaikalia.

"Babu!"

"Akijua niko hai atageuza gari," akasema. Hakuwa anatania. "Mwache aje. Mara moja tu. Akifika atanitukana, sawa, lakini nitakuwa nimemwona."

"Na akiendesha kama mwendawazimu kwenye barafu kwa ajili ya uongo wako? Utamzika wewe!"

Hilo lilimwingia. Akafikiri. Akaitoa simu, akanipa. "Mwandikie aendeshe polepole. Mwambie hakuna haraka tena."

Nimeandika mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuandika maneno ya kweli yaliyo na uongo kama yale. Endesha polepole, Gyu-cheol. Hakuna haraka tena. Nikatuma. Mungu wangu anajua nilikuwa naogopa barafu kuliko dhambi.

Mchana wote uliobaki, mzee hakutulia. Wageni wakamwinamia kwa mwaka mpya, na kwa kuwa Noh alikuwa ameshawazoesha mara mbili, wakamwinamia mara mbili. Mzee Chu, aliyekuwa ameletwa na harufu ya supu, akapiga kelele, "Mara moja! Mara moja! Huyu anapumua!" Babu Pyo akasema waacheni, leo zote ni halali. Macho yake yalikuwa dirishani.

Kilichotangulia kufika ni gari dogo la muuza maua wa mjini. Akateremsha shada la msiba, lile la ghorofa tatu la krisanthemamu nyeupe, lenye utepe mweusi: Kampuni ya lifti inaungana na familia ya Pyo katika majonzi. "Nani apokee?" akauliza.

"Mimi," akasema Babu Pyo, akatia sahihi. Akalizunguka lile shada, akalinusa. "Miaka yote hiyo hawajawahi kuniletea hata chungwa." Noh akadhani ni mapambo ya mfadhili, akalisimamisha mlangoni. Wamalaysia wakapanga foleni kupiga picha nalo.

Jua lilikuwa linagusa mlima gari la Gyu-cheol lilipoingia uani. Babu Pyo aliliona kabla yetu wote. Mtu wa miaka themanini na zaidi, aliyekuwa na maneno siku nzima, alikimbia, jamani, alikimbia akajificha nyuma ya kiwambo, mkononi bado ana kipande cha mkate wa mchele. Nyuma ya kiwambo ndiko tunakolaza maiti. Nilitaka kumvuta atoke, lakini mlango ulikuwa tayari umefunguka.

Gyu-cheol aliingia na viatu vyake miguuni. Hakumwona Noh, hakuniona mimi, hakuwaona wageni. Aliona shada mlangoni na picha pembeni ya kiwambo, ikatosha. Akapiga magoti, paji la uso likagonga sakafu.

"Baba! Aigoo, Baba!" Sauti ilitoka tumboni, ya mtoto mdogo. "Nilikuwa nije! Kila mwaka nilikuwa nije! Nilisubiri uniite, Baba, kwa nini hukuniita?"

Aliinama mara ya kwanza, koti jeusi likapanda mgongoni, tukaona shati lake la ndani. Lilikuwa la maua, manjano na buluu. Walikuwa uwanja wa ndege, watu wa kwenda kwenye joto, video ilipomfikia simuni. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anajifuta macho kwa ukingo wa kofia ya jua. Yule wa kurusha video alikuwa ameteremsha simu.

Binti yao, Da-on, ndiye hakulia. Babu mwenyewe hamjui, alie nini? Alikuwa anazunguka zunguka, akachungulia nyuma ya kiwambo.

"Baba," akasema, "huku kuna mtu anakula."

Gyu-cheol akainua kichwa. Babu Pyo akatoka, mkate mkononi, mashavu yamelowa. Walitazamana. Nilidhani watakumbatiana. Nilisahau hawa ni akina nani.

"Unaingia kwenye nyumba ya watu na viatu?" akasema Babu Pyo.

Aisee! Gyu-cheol alisimama, uso ukabadilika rangi. "Uko hai," akasema. Halafu kwa sauti, "Uko hai! Umenitoa uwanja wa ndege, nimelia barabara nzima, na wewe uko nyuma ya kiwambo unakula! Hii ni akili gani, Baba? Na wewe Dada! Hakuna haraka tena!"

"Kwani kulikuwa na haraka?" nikajitetea, na aibu imenijaa.

"Kampuni imenipa likizo ya msiba! Bosi kaleta shada! Nitawaambia nini? Baba amefufuka?"

"Likizo ya siku ngapi?" akauliza Babu Pyo.

"Tano!"

"Loo. Na ya kumwona baba akiwa hai, wanatoa ngapi?"

Noh akataka kuingia kati na samahani yake ya ofisi, Mzee Chu akamshika kola akamtoa nje na wageni wote wapande mabasi. Bi Ulrike aliondoka akimpungia mkono marehemu.

Tukabaki sisi. Nilimpa Da-on bakuli la supu, akala pembeni ya babu yake, na babu akaona anashika kijiko kwa mkono wa kushoto. "Kama bibi yako," akamwambia. Mtoto akacheka. Gyu-cheol alikuwa barazani na mkewe, wanazozana kwa sauti ya chini. Nilisikia ndege ya kesho ina nafasi. Nilisikia tukitoka sasa hivi tutawahi. Likizo si wameshapewa? Gari lilikuwa linanguruma uani, limewashiwa joto.

"Da-on, njoo," akaita Gyu-cheol. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti anavaa tena viatu alivyokuwa amelazimishwa kuvivua. "Mwage babu."

"Mwache amalize supu," nikasema.

"Nendeni," akasema Babu Pyo, bila kumtazama mwanawe. "Barabara inaganda. Nendeni."

Da-on akaweka kijiko chini. Akamwinamia babu yake vizuri, mara moja, kama mtoto aliyefundishwa. Halafu akamkaribia, akauliza kwa adabu zote:

"Babu, utakufa tena lini?"

"Aa! Da-on!" mama yake akapiga ukelele.

"Mnataka kujua ya nini?" Babu Pyo akauliza, anajaribu kucheka.

"Ili tuje," akasema Da-on.

Babu Pyo alifungua mdomo. Ulimi ule uliotukana wilaya nzima, uliopanga matunda ya tambiko lake mwenyewe, haukutoa kitu. Akamshika mtoto kichwa, akakishika tu. Pale kizingitini Gyu-cheol alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, ametugeuzia mgongo, mabega yanamtikisika. Hakukuwa na picha mbele yake wala shada, na alilia kuliko alivyolia mwanzo.

Mkewe alimtazama kidogo. Kisha akashuka uani, akafungua mlango wa gari, akalizima. Mimi nikarudi jikoni kuongeza maji kwenye supu.